Siku Tatu Ambazo Afande Hakuomba

Chumba chetu cha Sulimaniyah, Riyadh, kilikuwa nyuma ya duka la mapazia. Kilikuwa na vitanda vinne, jiko la gesi, dirisha moja lililozibwa na mashine ya baridi, na soketi moja tu iliyokuwa nzima. Tulikaa humo wanaume wanne, sote tumeajiriwa na kampuni moja ya ulinzi. Mimi ndiye niliyekuwa mdogo kuliko wote, kwa hivyo kitanda changu kilikuwa kile cha karibu na choo.

Kitanda cha mlangoni, penye soketi, kilikuwa cha Dereva, mzee wa Mombasa aliyeendesha basi dogo la kampuni. Kila asubuhi alitusambaza kwenye malindo yetu, na kila jioni akatukusanya kama mtu anayeanua nguo. Cha pili kilikuwa cha Mwalimu, Mtanzania wa Moshi aliyefundisha shule ya msingi miaka sita kabla ya kuja kulinda lango la kliniki ya meno. Cha tatu kilikuwa cha Afande.

Afande alikuwa Mkenya kama mimi. Alikaa jeshini miaka kumi na mmoja, akatoka akiwa koplo, akaja huku kulinda ghala la viatu. Hakutaka kuitwa Afande, lakini siku ya kwanza alipotandika kitanda, blanketi likatoka na pembe kama boksi, Dereva alisema, "Halas, huyu ni Afande," na jina likakaa. Hata msimamizi wetu, Mmisri mmoja mwenye haraka zake, alimwita hivyo akidhani ndivyo jina lilivyoandikwa kwenye ikama, kibali chake cha kuishi huku.

Yeye ndiye aliyetuletea mambo ya kukaguana. Alisema kule jeshini hutoki kwenda gwaride kabla mwenzako hajakutazama, kwa sababu macho yako hayafiki mgongoni kwako. Basi akatupanga wawili wawili, mimi na Mwalimu, yeye na Dereva. Asubuhi unasimama mlangoni mikono chini, mwenzako anaanza juu anashuka: kola, vifungo, mkanda, kamba za viatu. Halafu anakuuliza maji, ikama, chaji ya simu. Akimaliza anakugonga bega mara moja na kusema, "Uko sawa." Hapo ndipo unatoka.

Mwanzoni tulicheka sana. Dereva alisema ana mke na watoto watano na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkagua mkanda. Lakini baada ya kama mwezi mmoja Mwalimu aliamka mgonjwa, Afande na Dereva walikuwa wameshashuka, nikatoka bila kukaguliwa, na siku hiyo nzima nilihisi kama kuna kitu nimeacha chumbani. Unajua, ukiwa mbali na kwenu hakuna anayekugusa. Mtu anaweza kumaliza mwaka bila mkono wa mtu mwingine kumfikia, isipokuwa wa kinyozi.

Mimi nilikuwa na sababu nyingine ya kumpenda Afande. Toka nikiwa mdogo nilitaka jeshi. Nilimaliza kidato cha nne na D, na D yenyewe ilitosha kusajiliwa kuwa kuruta, kwa hivyo niliiona ni D ya baraka. Nilijaribu mara moja. Walitupanga uwanjani, tukaambiwa tukimbie mizunguko, na watu wa kwetu walikuwa wamejaa kando wakishangilia. Mzunguko wa kwanza nilitoka kama mwizi, nikiwapungia mkono. Wa pili nilikuwa bado naongoza. Wa tatu nilikaa chini. Dada yangu, ambaye ndiye aliyenilea, alinichukua pale akanifuta uso kwa leso yake na kuniambia angalau nimeongoza.

Afande aliposikia hadithi hiyo alicheka mpaka akashika ubavu, halafu akasema atanifundisha kukimbia polepole. Siku ambazo zamu yangu ilianza saa tatu, tulipanda kwenye paa la jengo asubuhi kabla jua halijakuwa kali, nikazunguka matangi ya maji na yeye anahesabu. Kazi kubwa ilikuwa kunizuia. "Punguza," alikuwa akiniambia. "Hakuna mtu anayekushangilia hapa." Nami moyoni najibu, wewe je?

Ijumaa moja Dereva alirudi kutoka msikitini akisoma kitu kwenye simu. Kuna nchi moja ya ng'ambo ambako wakubwa walikuwa wakibishana kama mashoga waruhusiwe kuwa askari bila kujificha. Alitusomea kwa sauti, akaweka simu chini kama mtu aliyemaliza kutoa hukumu. Mwalimu alikuwa anachambua mchele. Mimi nilikuwa nimelala tu. Afande alikuwa anapiga pasi.

Dereva alisema jambo hilo haliwezekani hata kidogo, askari wanalala pamoja, wanaoga pamoja. Afande, bila kuinua kichwa, akasema ukishatembea siku mbili na mzigo mgongoni, ukifika kwenye maji huoni hata kama mwenzako ana kichwa. Tukacheka. Mwalimu akasema kwa maoni yake mtu kama huyo afanye kazi, ila anyamaze.

"Anyamaze mpaka lini?" Afande akauliza.

"Mpaka astaafu, kaka. Kwani kazi ya bunduki inataka maelezo ya nyumbani?"

"Wewe umebandika picha ya shemeji hapo juu ya kitanda."

"Huyo ni mke wangu."

"Ndiyo. Nasema tu umeibandika."

Mwalimu akarudi kwenye mchele wake. Dereva akanigeukia. "Na wewe kuruta wetu, wasemaje?"

Mimi nikipewa nafasi ya kuchekesha watu sijui kuiacha. Nikasema nikilazwa karibu na mmoja wao nitalala na buti zangu miguuni, na mkanda nitaufunga mafundo matatu. Dereva alipiga paja lake, na Mwalimu akamwaga mchele kidogo kwa kucheka. Afande alikuwa amefika kwenye kola. Aliipiga pasi upande huu, akaigeuza, akaipiga upande wa pili, kisha akaja kulitundika shati kwenye chuma cha kitanda changu. Lilikuwa langu. Alikuwa ananipigia pasi kwa sababu mimi huwa nachoma.

Wiki mbili zilipita. Tulikuwa juu ya paa, nimemaliza mizunguko yangu nimekaa nahema, nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekitafuna muda mrefu: kwa nini mtu anaacha jeshi baada ya miaka kumi na mmoja, bila kosa, akaja kulinda viatu vya watu. Nilidhani ataniambia habari za mshahara.

Alikaa kando yangu akaanza kufungua kamba za viatu, akazifunga tena. Akasema kulikuwa na mwenzake, mtu wa redio, wa kikosi chao. Walikuwa pamoja miaka minane. Nikasema marafiki wa jeshini ni kama ndugu, nimesikia. Akasema hapana.

"Si ndugu," alisema. "Kama vile picha aliyoibandika Mwalimu pale ukutani."

Nilielewa. Nilikumbuka mafundo matatu ya mkanda, na uso ukanichoma kuliko jua.

Akaendelea kama mtu anayeelekeza njia. Yule mwenzake hakufa vitani. Aliugua figo akiwa likizoni kwao, akafa mwezi huo huo. Kikosi kilituma watu wanane kwenda kumzika na yeye akawa mmoja wao kwa bahati, kwa sababu walitaka watu wa kimo kimoja. Alisimama kwenye mstari akapiga saluti kama wengine. Mama wa marehemu alipita akiwashika mikono mmoja mmoja, alipofika kwake akamuuliza, wewe ulikuwa nani wake? Akajibu, tulikuwa kikosi kimoja, mama. Jioni walipanda lori wakarudi kambini, na kesho yake saa kumi na moja alfajiri alikuwa anafundisha makuruta kutambaa.

"Askari akifiwa na mke anapewa siku," akaniambia. "Akifiwa na mzazi anapewa siku. Mimi sikutaka kusifiwa, wala sikutaka watu wanijadili kantini. Nilitaka kuingia ofisini niseme nimefiwa, nipeni siku tatu. Sikuziomba. Ningesema nimefiwa na nani?"

Hakuna aliyemfukuza, alisema. Muda wake ulipofika waliuliza kama ataongeza, akasema hapana. Nikamuuliza kama alikuwa amechoka na kazi. Akanitazama kana kwamba nimemtukana. Kazi aliipenda. Alichochoka nacho ni kuwa na mdomo ambao una mlinzi saa ishirini na nne.

Halafu akasimama akaniambia bado nina mizunguko minne.

Sasa mimi ni mtu wa kuota, na sijasoma sana, na jambo zito likiingia kichwani mwangu halikai peke yake, lazima nilitoe. Mtu wangu wa kutolea ni dada. Siku hiyo nikiwa lindoni, mapumziko ya adhuhuri, nilimtumia ujumbe wa sauti mrefu. Nilimweleza yote, paa, mtu wa redio, mama aliyeuliza, siku tatu. Nikamuuliza yeye anaonaje. Nilikuwa nataka tu mtu wa kunisaidia kubeba. Sikufikiria zaidi ya hapo, na hilo ndilo kosa langu.

Kwa sababu chumbani kwetu kulikuwa na desturi. Ujumbe wa nyumbani ni wa wote. Simu zote zilichajiwa kwa ile soketi ya Dereva, na ujumbe wa sauti ukiingia yeye ndiye anayebonyeza, kwa sauti ya juu, tunasikiliza sote. Mke wa Mwalimu tulimjua kwa kikohozi chake. Watoto wa Dereva walikuwa wakituimbia. Na dada yangu alikuwa kipenzi cha chumba, maana alianza kila ujumbe kwa kutusalimu mmoja mmoja kwa majina yetu ya pale, na kumwuliza Dereva habari za goti lake. Dereva alisema akisikia sauti ile goti linapungua.

Ijumaa iliyofuata nilikuwa jikoni nasonga ugali, mikono yote miwili kwenye mwiko. Simu yangu ikalia kule kitandani kwa Dereva. Nikasikia Dereva akisema, "Shemeji yetu huyo," na kabla sijageuka akabonyeza.

Dada alianza kama kawaida. Alimsalimu Dereva na goti lake. Alimsalimu Mwalimu. Akasema na Afande naye nampa salamu za pekee, halafu sauti yake ikabadilika.

"Nimekaa na ile habari yake wiki nzima, mdogo wangu. Mtu umpende miaka minane, halafu umzike ukiwa kwenye mstari kama mgeni. Hata kama ni wanaume wawili, kilio ni kilio. Mwambie nimelia kwa niaba yake. Na yule mama, mimi nadhani angefurahi kujua mwanawe hakuwa peke yake."

Kulikuwa na mengine, habari za ng'ombe, lakini sijui ni yapi. Mwiko ulikuwa mkononi na ugali ulikuwa unaungua na mimi nilikuwa nimesimama. Afande alikuwa ameketi kitandani kwake akikata kucha. Aliziokota zile kucha moja moja kutoka kwenye gazeti, akalikunja gazeti, akalitia kwenye pipa. Kisha akaniambia kwa upole nizime gesi.

Dereva aliirudisha simu yangu kwenye chaji, akachukua kofia yake akatoka. Haikuwa saa ya sala.

Kwa msomaji ambaye hajakaa huku niseme wazi ni nini kilichokuwa hatarini. Neno moja la Dereva kwa msimamizi, msimamizi akamwambia kafili, yule Msaudi aliyetudhamini, na mtu kama Afande angeweza kufungwa, au kurudishwa kwao akiwa na alama ambayo haifutiki. Na Dereva alikuwa na msimamizi ndani ya basi kila siku, saa nzima, yeye na yeye. Na mimi ndiye niliyempa neno lenyewe.

Nilimfuata Afande kwenye ngazi kumwomba msamaha. Sikuweza hata kumaliza. Aliniambia dada yangu ana moyo mzuri, nimjibu, nisimwache akisubiri. Hakuniambia si kitu, kwa sababu kilikuwa kitu.

Jumapili asubuhi tulivaa sare kimya. Dereva alivaa haraka, akachukua funguo za basi, akapita mlangoni bila kusimama. Afande alikuwa tayari amesimama pale, mikono chini, akingoja kukaguliwa na mwenzake. Dereva alimpita kama mtu anavyopita nguzo. Tukasikia viatu vyake vikishuka ngazi.

Afande hakuondoka. Alisimama vile vile, anatazama ukuta wa mbele. Sidhani alikuwa anamlazimisha mtu. Nadhani mwili wake haukujua njia nyingine ya kutoka asubuhi. Mwalimu aliinama akafunga kiatu kimoja kwa muda ambao ungetosha viatu kumi. Mimi nilikuwa na mswaki mdomoni. Nikauacha kwenye dirisha, nikaenda nikasimama mbele yake, dawa ya meno kidevuni, nikaanza: kola, vifungo. Nikashuka moja kwa moja mpaka kamba za viatu.

"Umeruka mkanda," akasema.

Nikarudi kwenye mkanda. Nikauliza maji. Nikauliza ikama. Nikauliza chaji. Nikamgonga bega, na bega lile ambalo sikuzote lilikuwa kama ubao nikalisikia likishuka.

"Uko sawa," nikamwambia.

Akatoka. Mwalimu akanyoosha mgongo, akanitazama muda, akasema, "Haya, njoo, nami nikutazame. Una dawa ya meno." Akanifuta kidevu kwa kidole gumba kama watoto wake wa darasa la kwanza. Jioni niliona amemwekea Afande chai.

Tukangoja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila simu ya msimamizi ilipoingia niliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Nilikuwa namkagua Afande kila asubuhi, na Dereva anashuka peke yake. Ndani ya basi hakuna redio, hakuna hadithi za Mombasa. Alhamisi, Afande na Mwalimu walikuwa wameshateremka, nikabaki mimi na Dereva kwa sababu jengo langu lilikuwa la mwisho. Alisimamisha basi kando ya barabara, mbele ya duka la mikate, akazima injini. Nikajua sasa ndiyo leo.

Alisema msimamizi amemwuliza kulikoni, mbona chumba chenu kimenuna. "Nikamwambia mafi mushkila, hakuna shida."

Nikataka kumshukuru, akanyanyua mkono.

"Usinishukuru, mwanangu. Mimi jambo lile silikubali, na sitalikubali mpaka nazikwa. Lakini mimi si mtu wa kupeleka mtu kwa wakubwa." Kisha akanikumbusha mwezi wa saba, basi lilipoharibika mashine ya baridi, joto likamshinda akaanguka kwenye maegesho ya ghala la viatu. Nilikuwa sijui habari zote. Nilijua tu kwamba alilazwa siku moja. Alisema alizinduka yuko mgongoni mwa Afande, Afande anakimbia naye kuvuka barabara ya njia sita, huku anamwimbia nyimbo za kikuruta ili asilale. "Mtu mzito kama mimi. Nilimtapikia shingoni. Hakunitua."

Nikasema pole.

"Basi yule aliyekuwa akisema Ijumaa ile kwamba jeshini haiwezekani ni nani?" akauliza. "Si mimi? Na mimi ndiye niliyebebwa."

Nikafikiri tumemaliza, kila kitu kitarudi. Mimi hufikiri hivyo upesi. Lakini Dereva akaniambia hawezi kulala tena chumba kimoja naye. Hawezi, asije akajidanganya. Mmoja wao ahame. Na akihama yeye, msimamizi atamwuliza sababu, naye si mtu anayejua kudanganya mara mbili. Akaniomba nimfikishie Afande, kwa heshima, nisiongeze langu.

Nilimfikishia. Sikuongeza langu. Afande akatikisa kichwa kama askari aliyepewa amri ambayo hata yeye angeitoa. Kampuni ilikuwa ikitafuta walinzi wa kupeleka Jeddah, kwenye maghala ya karibu na bandari, na watu wa Riyadh walikuwa wakikataa kwa sababu ya unyevu. Yeye akajiandikisha. Siku ya kuondoka Dereva ndiye aliyempeleka kituo cha mabasi, maana ndiyo kazi yake, na Mwalimu, aliyewasindikiza, aliniambia walikaa njia nzima bila kusema neno, ila walipofika Dereva alishuka akambebea begi mpaka kwenye basi.

Nililia chooni, faida ya kuwa na kitanda cha pale.

Nimeyafikiria sana mambo haya tangu wakati ule, kwa akili yangu hii ya D. Watu wakibishana kama mtu wa namna ile awe askari, wanazungumza kana kwamba yuko nje ya lango anabisha hodi. Niliyemjua mimi alishaingia, alishafundisha, alishapiga saluti juu ya kaburi. Kilichokuwa kinabishaniwa ni kama aruhusiwe kufiwa. Na nikiulizwa leo nasema awe askari, na ajulikane, na aombe siku zake kama Mwalimu angeomba zake. Najua wapo watakaosoma hapa wakafunga kitabu. Dereva angekifunga. Nampenda Dereva vile vile.

Miezi mitano baadaye likizo yangu ya kwenda nyumbani ilifika, na tiketi niliyopewa ilikuwa ya kuondokea Jeddah. Nikasafiri kwa basi siku nzima kuvuka jangwa, na kesho yake mchana nikaenda kumtafuta kwenye mtaa wa Karantina, wanakoishi Waafrika wengi. Kabla sijafika mlangoni kwake nilishasikia Kihausa, Kiarabu cha Sudan, na mama mmoja akimgombeza mtu kwa Kiswahili cha Tanga. Afande alikuwa na chumba chake peke yake, kidogo, kinachofungukia uani. Kitanda kilikuwa na pembe zile zile. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinipikia samaki na wali, akanitazama nikila, akaniambia nimekonda.

Nilimwambia nimekuja kumwomba msamaha vizuri, kwa sababu kule kwenye ngazi sikumaliza. Nikamaliza. Nilisema nilitoa siri yake kama mtu anayetoa habari ya mpira, na imemfukuza chumbani.

"Ni kweli," akasema. Akanimenyea chungwa. "Na pia wewe ndiye mtu wa kwanza niliyemwambia. Miaka yote ile. Nilikuchagua mwenyewe, mtu mwenye mdomo kama bomba lililopasuka." Akacheka, nami nikacheka, halafu sikuwa nacheka, akaninyooshea kitambaa.

Aliniuliza kama bado nitaenda uwanjani kukimbia. Nikasema ndiyo, usajili umekaribia, ndiyo maana nimeomba likizo sasa. Akanisimamisha akatazama nyayo zangu, meno yangu, kama wanavyofanya siku ya usajili, akanipigapiga magoti. Nikamwuliza kama wangemwita arudi, ajulikane alivyo, angerudi?

"Kesho asubuhi," akasema. "Hata kupika ningepika."

Nikamwuliza kama alimpigia simu yule mama, kama dada alivyosema. Akasema namba anayo. Bado hajapiga. Halafu akaniambia jambo moja nilishike: nikiingia, na siku moja nikawa na vijana chini yangu, kijana akija ofisini akasema amefiwa na ashindwe kusema amefiwa na nani, nisimwulize. Nimpe siku zake.

Tulikuwa kwenye hayo simu yangu ikalia. Ilikuwa Dereva. Nilimpokea kwa sauti ndogo, sikio lote limeibana. Aliuliza kama nimefika salama, kama basi lilikuwa na baridi, kama nimekula. Nikamwambia nimekula samaki. Kisha akauliza, samaki wa nani?

Nikamtazama Afande. Nikasema wa Afande.

Nikadhani laini imekatika. Nikasikia anasafisha koo.

"Yupo hapo?"

"Yupo, mzee."

"Basi mpe."

Nilimnyooshea Afande simu. Aliifuta mikono yake kwenye suruali kwanza, akaichukua, akatoka nayo uani. Kupitia mlangoni nilimwona anatembea kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, kichwa ameinamisha, anasikiliza zaidi kuliko anavyosema. Mara moja alicheka. Mara moja alisimama akashika kiuno, akatazama juu muda mrefu. Mimi nilimaliza chungwa langu, nikamaliza na lake. Nikaosha sahani. Nilipoketi tena bado walikuwa wanaongea.

Aliporudi simu ilikuwa na chaji kidogo sana. Aliiweka mezani, akakaa, akatafuta chungwa lake.

"Anasema nini?" nikamwuliza.

"Anasema Riyadh joto limepungua," akajibu, na akaanza kumenya jingine.